Bomba Lianzie Wapi

Tak Geumrye alikuwa na desturi ya kuzungumza na moto, na kwa kawaida maneno yenyewe hayakuwa ya heshima. Kila alfajiri ya majira ya baridi alishuka kwenye jiko la chini, akachuchumaa mbele ya mdomo wake mweusi, akasukuma ndani kuni za msonobari, akapuliza, akakohoa, kisha akauambia moto uwake au uache, maana yeye hakuwa na asubuhi nzima ya kuubembeleza. Moto ulipokwisha kushika, joto na moshi vilipita chini ya mawe bapa yaliyobeba sakafu ya chumba cha ndani, vikatokea kwenye dohani nyuma ya nyumba, na mama mkwe wake, aliyekuwa amelala juu ya mawe hayo, akasikika akigeukia upande wa pili na kushusha pumzi ya raha. Hapo ndipo Geumrye alipoanza kazi iliyo ngumu zaidi kuliko kuwasha moto, yaani kusimama.

Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha. Daktari wa mjini Wonju, kijana mwenye sauti ya upole, alimweleza kwamba linaweza kubadilishwa, ila goti jipya halitaki kuchuchumaa. Alimwuliza ni nani huwasha moto nyumbani kwake. Geumrye akajibu kuwa ni yeye. Daktari akamwuliza mwingine ni nani. Geumrye akafikiri kwa makini, kwa kuwa hakupenda kumpa mtu jibu la ovyo, akasema kuwa mwingine hakuna. Basi wakakubaliana kwamba kitanda chake hospitalini kitamngoja mwezi wa mwisho wa mwaka, na kwamba kabla ya hapo nyumba itakuwa imepata sakafu isiyohitaji mtu wa kuchuchumaa: mabomba ya maji ya moto ndani ya saruji, na boila ya mafuta ya kuyachemsha maji hayo nje ya ukuta, kama zilivyokuwa karibu nyumba zote za bonde lile.

Kazi hiyo ilipaswa kufanywa kabla ardhi haijaganda, kwa sababu saruji mbichi ikishikwa na barafu hupasuka. Jambo hilo kila mtu nyumbani alilijua. Tena huu ulikuwa mwaka wa tatu wa kulijua.

Mwaka wa kwanza mumewe, Eom Hyeongbae, alisema kuwa mawe yale yalipangwa na babu yake mzaa baba, na mtu hawezi kuyang'oa mawe ya babu yake kwa pupa. Angelifikiria suala hilo. Akalifikiria mpaka theluji ikaanguka. Mwaka wa pili mama mkwe alisema kuwa matofali ya soya iliyopondwa, ya kutengenezea mchuzi, yalikuwa yamekwisha kupangwa kwenye kona ya moto ili yachachuke, na sakafu isingeweza kuguswa mpaka yaive. Yalipoiva ilikuwa karibu na majira ya kuchipua, na Hyeongbae akamwuliza mkewe ni mtu gani mwenye akili anayezungumzia joto wakati maua yanataka kuchanua. Daktari alipigiwa simu mara zote mbili, na mara zote mbili alisema hakuna neno, kwa sauti ile ile ya upole, ambayo Geumrye alianza kuichukia kidogo.

Kilichomkera kuliko vyote kilikuwa hiki. Hyeongbae, aliyekuwa akiwaeleza wageni kuwa hakuna tiba ya mgongo inayoushinda moto wa kuni chini ya mawe, mwenyewe hakulala juu ya mawe hayo. Alilala katika chumba kidogo ng'ambo ya baraza, juu ya mkeka wa umeme wenye swichi ya kuzungusha, na asubuhi aliamka akiwa amekunjuka na mwenye afya, akauliza kama kifungua kinywa kiko tayari.

Chumba cha ndani kilikuwa cha wanawake wawili. Mama mkwe, aliyekuwa amevuka miaka tisini, alilala kwenye kona ya moto, pale ambapo ulimi wa jiko huyagusa mawe kwanza na sakafu imegeuka rangi ya asali iliyoungua. Geumrye alilala upande wa mlangoni, ambako joto lilifika likiwa limechoka, au halikufika kabisa. Hakuna aliyewahi kumwamuru alale hapo. Ndipo alipoketi siku alipoingia kama bibi harusi, na tangu siku hiyo, mtu mwenye cheo alipoingia, yeye alisogea karibu zaidi na mlango. Mtu yeyote wa nyumba ile angefumbwa macho, akaweka kiganja sakafuni, angejua mara moja yuko mbele ya nani.

Na kwa viganja, mama mkwe hakuwa na mfano. Wakati wa kuchachua soya alikuwa akigusa sakafu mara moja tu, akasema kuni moja zaidi, au akasema toa moja, na katika miaka yote ile Geumrye hakuwahi kumwona akikosea. Jambo hilo nalo lilimkera, kwa maana mtu asiyekosea hana njia ya kugombezwa.

Sikukuu ya mavuno ilipofika, mwana wao Giseok alikuja na gari lake kutoka Wonju, wakafyeka makaburi, wakawaandalia wahenga meza yao, kisha walio hai wakaketi kula. Fundi Bang Ilnam, mtu aliyeweka maboila katika nusu ya nyumba za pale, aliingia kutoa salamu tu, akabaki, kama ilivyo tabia ya mwanamume asiye na mtu wa kumkaangia samaki. Alikuwa rafiki wa Hyeongbae tangu utotoni, na mdogo wake kwa mwaka mmoja, jambo ambalo Hyeongbae hakuwahi kumruhusu alisahau.

Mjadala wa sakafu ulianza kabla supu haijafika. Giseok alishauri karatasi ya umeme inayotandazwa chini ya zulia, isiyotaka saruji wala boila. Bang alisema karatasi hiyo ni ya watu wanaoishi ghorofani na wanaoogopa vumbi. Mabomba ndiyo mabomba. Hyeongbae alisema kuwa angesikiliza pande zote, ila kwa maoni yake mawe yakipangwa upya na fundi mzuri yangedumu miaka mia nyingine. Ili kujieleza vizuri, Bang akachukua vijiti vyake vya kulia, akaweka kipande cha yai pembeni mwa sahani ya samaki kiwe ndiyo boila, akapanga mashina ya mboga ya porini juu ya samaki, yakienda na kurudi. Maji huanzia hapa yakiwa moto kabisa, akaeleza, yanazunguka hivi, yanapita hivi, yanarudi kwenye boila yakiwa yamepoa. Hyeongbae akalihamisha yai upande wa pili, kwa sababu upande ule ndipo wanapoweka mitungi ya mchuzi wa soya. Giseok akaondoa mboga zote, akalaza karatasi moja nyeusi ya mwani juu ya samaki, akasema basi, kazi imekwisha.

Geumrye, aliyeamka gizani kuvikaanga vyote hivyo, aliingia na supu akakuta meza yake imekuwa ramani. Akauliza kama kuna mtu atakayekula boila. Wakacheka kwa furaha, wakaendelea. Akaketi mlangoni, mguu wa kulia akiwa ameunyoosha mbele yake kama kitu cha mtu mwingine, akasubiri aulizwe yeye, mwenye kuwasha moto, anaonaje. Hakuulizwa. Supu ikapoa, naye akaenda kuipasha moto.

Aliporudi, mama mkwe alikuwa amesema neno lake la kwanza tangu asubuhi.

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Popote, Mama," Hyeongbae alijibu akitabasamu. "Ndiyo uzuri wake. Sakafu nzima joto lake moja."

"Hata mlangoni, Bibi," Giseok akaongeza. "Ukitaka lala mlangoni kabisa."

Mzee yule akaweka kijiko chini. Kesho yake asubuhi, Giseok alipokwisha kuondoka, Geumrye alimkuta amejifunga kitambaa cheupe kichwani, fundo likiwa mbele ya paji la uso, amelala akiutazama ukuta. Kwa nyumba ile hiyo ilikuwa tangazo kubwa kuliko kengele. Alikuwa amejifunga hivyo mume wake alipouza ng'ombe bila kumwambia, na tena Hyeongbae alipotaka kuhamia mjini. Hakutaka wali, hakutaka daktari, hakuwa na maumivu yoyote ambayo angekubali kuyataja. Uji ulioachwa kando yake uliisha, lakini hakuna aliyemwona akiunywa.

Hyeongbae alizungukazunguka uani, mikono nyuma, akisema kuwa haelewi. Wamemwahidi joto mpaka mlangoni, sasa mtu atake nini zaidi. Geumrye alielewa, na kuelewa huko kulimchosha. Popote si mahali. Mwanamke yule alianza mlangoni kama bibi harusi wote, akasogea kidogo kidogo kwa miaka na kwa misiba mpaka akaifikia kona ya moto. Kisha siku moja mwanawe na mjukuu wake, vinywa vimejaa samaki, wanamwambia kona haipo tena. Na jambo lililomfanya Geumrye aikaripie sufuria asubuhi ile ni kwamba alipoyatafakari hayo alijigundua yeye mwenyewe. Naye alikuwa akiisubiri kona ile. Hakuwahi kukiri hata moyoni, lakini alikuwa akiisubiri, na sasa ndiye aliyekuwa akiomba ivunjwe.

Jioni Hyeongbae alitoa uamuzi. Alisema kwa kuwa mama hayuko sawa, na mambo ya haraka huharibika, ingekuwa busara wangoje mwaka mwingine.

Geumrye alikuwa akifuta meza. Akamaliza kufuta, akakunja kitambaa, akakiweka.

"Sawa," akasema. "Basi kuanzia kesho moto ni wako, Baba Giseok."

"Wangu vipi?"

"Mawe ni ya babu yako. Mama ni wako. Mgongo unaopona kwa kuni ni wako. Na moto uwe wako, mimi nikae kwenye kiti."

"Ah, kwani kuna ugumu gani? Si kuweka kuni tu."

"Ndiyo hivyo. Kuweka kuni tu."

Kiti chenyewe kilikuwa cha plastiki, chekundu, kilichobaki katika karamu fulani ya kijiji. Geumrye akakiweka barazani palipo na jua, akajaza beseni pilipili kavu, akaanza kuzitoa vikonyo moja moja kwa ajili ya kachumbari ya kabichi ya majira ya baridi. Kutoka pale aliuona mlango wa jiko vizuri. Siku za mwanzo moshi ulitoka kila mahali isipokuwa kwenye dohani. Alijua kuwa majivu yalikuwa yameziba koo la jiko na kwamba kuni zilizochukuliwa zilikuwa mbichi, maana rundo kavu liko nyuma, lakini hakuulizwa. Hyeongbae alitoka akiwa na macho mekundu, akasema upepo umegeuka. Geumrye akakubali kuwa huenda umegeuka. Ndani, mama mkwe alikohoa akiuelekea ukuta.

Baada ya majuma kadhaa ya kuaibishwa na moto, Hyeongbae aliamua kuumaliza ubishi. Mchana mmoja wa baridi kali alijaza jiko magogo ya mwaloni, yale ambayo Geumrye huweka moja tu kwa wakati na tena usiku wa theluji, akaufunga mlango wa jiko, akajipangusa mikono. Akamwambia mkewe kuwa leo Mama atalala kama mtoto mchanga, kisha akaenda kwenye jumba la wazee kucheza karata.

Geumrye aliyaona magogo yakiingia. Alifungua kinywa, akakifunga. Baadaye, kila alipokumbuka mchana ule, ndicho kitu alichojilaumia, ingawa si sana.

Harufu ilikuja kama ya ukoko wa wali. Kisha sauti ya mama mkwe ikasikika kutoka ndani, shwari kabisa.

"Mama Giseok. Nadhani ninaiva."

Alimkuta ameketi, kitambaa kimeteleza mpaka kwenye sikio moja. Godoro la pamba lilikuwa likifuka moshi, na chini yake karatasi nene ya sakafu, iliyopakwa mafuta ya soya mwaka hadi mwaka mpaka ikang'aa, ilikuwa imeungua na kuacha duara jeusi la ukubwa wa sinia. Nyonga ya mzee ilikuwa nyekundu, ila ngozi haikuchubuka. Geumrye akamvuta kwa mikono miwili mpaka upande wa mlangoni, akampaka dawa, akamlaza kwenye matandiko yake mwenyewe kwa kuwa mengine hayakuwapo, kisha akaenda kuyatoa magogo jikoni kwa koleo, akichuchumaa, akilia kwa hasira na moshi kwa pamoja. Hyeongbae aliporudi alisimama mbele ya lile duara jeusi kwa muda mrefu. Akasema kuwa mwaloni wa siku hizi una mafuta mengi.

Moto ukaachwa ufe, mawe yapoe. Kona ya moto haikulalika, basi mama mkwe akabaki mlangoni, na Geumrye akajitandikia katikati ya chumba.

Kulipokucha alimkuta mzee ameshaamka, ameketi wima, amejizungushia shuka hadi kidevuni. Kwenye ukuta wa mlangoni umande ulikuwa umeganda, nyuzi nyembamba nyeupe, kama ilivyokuwa kila mwaka kuanzia majira hayo. Mzee alikuwa ameinua pembe ya godoro, akitazama kilicho chini yake.

"Hivi ni nini?"

"Maboksi, Mama. Ya tufaha."

"Naona ni ya tufaha. Yanafanya nini hapa?"

"Yanazuia baridi."

"Tangu lini?"

"Tangu Giseok yuko shuleni."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani, Mama?"

Mzee akaachia pembe ya godoro. Akawa anautazama ukuta, ule wa mlangoni sasa, wenye barafu.

"Mimi nililala hapa hapa kabla yako," akasema. "Mama mkwe wangu hakuniruhusu hata majani ya mpunga. Alisema yanaleta panya."

Jambo hilo nalo likamkera Geumrye. Hata baridi ile, kitu pekee katika nyumba ambacho aliamini ni chake, kumbe nayo ilikuwa na mwenyewe kabla yake. Akashika ukingo wa mlango ili ajiinue, akamwambia mkwewe anakwenda kuchemsha maji. Alikuwa hajamaliza kusimama aliposikia nyuma yake kitambaa kikifunguliwa.

"Mwambie Hyeongbae amwite yule anayekula samaki wetu. Yule wa mabomba."

Fundi Bang alikuja siku ile ile na chaki na kamba, kwa kuwa mbingu zilikuwa zimeanza kuwa za kijivu, na alikuwa na nyumba nyingine iliyomsubiri bonde la pili. Walikuwa wote chumbani: Hyeongbae karibu na lile duara jeusi, akijitahidi lisionekane, mama mkwe kwenye godoro la mlangoni, Geumrye amesimama, maana kuketi kungemlazimu asimame tena. Bang alipima huku na huku. Mama mkwe akamwuliza bomba litaanzia wapi. Bang akasema kokote atakako Bibi, kwa sababu maji huzunguka haraka, na tofauti kati ya mwanzo na mwisho mkono hauwezi kuihisi.

"Mimi sihisi kwa mkono," mzee akasema. "Nahisi kwa nyonga. Lianzie huku mlangoni, kwa Mama Giseok. Mimi moto nimeshaupata."

Geumrye hakuwahi kutarajia kusikia maneno hayo maishani mwake, na laiti yangeachwa palepale huenda angelia. Lakini Hyeongbae alishapata la kusema. Alisema haifai. Watu wakija mwaka mpya kumwinamia Mama, wainame kuelekea wapi, na mkwe aketi mahali pa moto na mama mlangoni, kijiji kitasemaje. Bang akasema kitaalamu ni yale yale. Hyeongbae akasema hazungumzii utaalamu. Akaona afadhali ampigie Giseok, na Giseok, akiwa kazini, akauliza kwa nini hawataki tu ile karatasi ya umeme. Hyeongbae akamweleza Bang alichosema Giseok. Bang akaanza kueleza upya habari za watu wa ghorofani. Akatafuta kitu cha kuchorea, akaipata sahani. Nje, upepo ukaigonga karatasi ya dirisha, na ubaridi ulioingia ulikuwa ule wenye harufu ya chuma, unaotangulia theluji.

"Labda," Hyeongbae akasema, "tungelala na hili wazo mpaka wiki ijayo."

Geumrye akaichukua chaki mkononi mwa Bang. Akavuka chumba, mguu mmoja ukiburutwa, mpaka kwenye kona iliyoungua. Alitaka kuinama na kuchora mstari, ila goti halikumruhusu, basi akaiachia chaki ianguke. Ikavunjika juu ya lile duara jeusi na kuacha alama nyeupe.

"Anzia hapa, kwa Mama," akasema. "Au anzia mlangoni, au darini, au kwenye banda la kuku. Ila shemeji yangu, uanze leo."

Bang akamtazama Hyeongbae; Hyeongbae akamtazama mama yake.

"Umemsikia," mzee akasema.

Mawe yakang'olewa mchana ule. Chini yake kulikuwa na masizi ya vizazi, meusi na laini kama unga, na kwa wiki nzima nyumba yote ilikula, ikalala na ikakohoa masizi hayo. Mama mkwe alihamia kwenye mkeka wa umeme wa Hyeongbae, akaisifu swichi yake. Hyeongbae akalala stoo, kati ya magunia ya mpunga, na asubuhi alikuwa akitembea kwa kushika mgongo. Saruji ikamwagwa na kukauka bila kupasuka. Boila ilipowashwa kwa mara ya kwanza ilinguruma nje ya ukuta, Hyeongbae akasimama kando yake, mikono nyuma, akiwaeleza majirani kuwa ameona afadhali asikawize jambo hili.

Siku ya sita baada ya upasuaji, Geumrye alikuwa amekaa kwenye kitanda cha hospitali huko Wonju, goti limefungwa, dirishani theluji ikianguka juu ya magari, Hyeongbae alipopiga simu. Hakuuliza kwanza habari za goti. Alikuwa na mashtaka.

Alisema kuwa Mama amekuwa akitambaa chumbani siku nzima, akiweka kiganja sakafuni hapa, akiweka pale, bila kumwambia mtu anatafuta nini. Sasa leo ametoa hukumu. Anasema Bang ni mwongo. Sehemu yenye joto kuliko zote ni mlangoni. Amevuta matandiko yake mpaka mlangoni, na haondoki. Wazee wawili walikuja kumsalimia, wakainama kuelekea kona ya zamani, ambako hapakuwa na mtu, wakageuka kwa aibu.

"Umemwuliza Bang?" Geumrye akasema.

"Nimemwuliza. Amekuja na kile kipimo chake. Anasema haiwezekani. Mlangoni ndiko maji yanakomalizia, yamepoa kuliko kote. Sasa Mama anasema kipimo ni kibovu."

"Na mimi nikirudi nitalala wapi?"

"Ndicho na mimi nilichomwuliza. Anasema wewe uende kule kwenye kona, kwa kuwa ndiko kulikobaki. Anasema mgonjwa hana uchaguzi." Hyeongbae akashusha pumzi ndefu simuni. "Mama amezeeka, Mama Giseok. Kiganja kimekwisha."

Geumrye akaitazama theluji. Alikikumbuka kiganja kile juu ya sakafu, kuni moja zaidi, toa moja, mwaka baada ya mwaka, bila kukosea. Alitaka kumwambia mumewe jambo, akaona kwamba kumweleza kungechukua mpaka majira ya kuchipua.

"Mwambie asilale mlangoni," akasema hatimaye. "Kuna upepo pale. Mwambie nimesema arudi kwake."

"Unadhani sijamwambia?"

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu," Hyeongbae akajibu. "Amejifunga kitambaa."